Umepewa notisi na landilodi? Usihame kimya kimya

Majirani zangu, wazee wetu mliokaa hapo mbele, akina mama mliokuja na watoto mgongoni, vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, hamjambo nyote, na asanteni sana kwa kuja Jumapili mchana wakati wengi wenu ndio mngekuwa mnafua na kupumzika kidogo. Mwenyekiti ameniomba nisiongee sana, nitajaribu, lakini hili jambo linaniuma na mkiniona nimepandisha sauti mjue siwapandishii nyinyi.

Tumekuja kuongea mambo ya notisi. Na sio ile notisi ya mpangaji kumwambia landilodi kwamba anahama, hiyo wengi tunaijua. Naongea juu ya ile inayotoka upande wa pili, landilodi ndiye anasema nataka nyumba yangu. Pengine anauza ploti, pengine anabomoa hizi za mabati ajenge ghorofa, pengine kijana wake ameoa anataka kumpa hapo pa kukaa, na wengine hata hawasemi sababu. Huku kwetu Embakasi, hapa Nairobi, mmeona wenyewe, Pipeline, Tassia, Kayole, kila ukizunguka kona kuna ploti imebomolewa na nguzo zinapanda, na kila ploti iliyobomolewa kulikuwa na familia ndani, familia kumi, ishirini, na kila moja ilipewa karatasi.

Sasa mpangaji akipewa hiyo karatasi, wengi wetu tunafanya hivi. Leo amepata notisi, usiku hajalala, kesho ameanza kuuliza uliza nyumba, Jumamosi amepata moja, ameita mkokoteni au pikapu, amebeba vitu vyake, funguo amemwachia keateka, yule mtunza ploti, ameenda. Moyoni anajua amefanya uungwana, hajagombana na mtu, hajangoja afukuzwe. Halafu wiki mbili tatu baadaye anapiga simu kuulizia depoziti yake anaambiwa huna depoziti hapa, wewe uliondoka kabla notisi haijaisha, hiyo depoziti imelipa kodi ya mwezi uliokimbia. Mtu ameambiwa ahame, amehama, halafu anatozwa kwa sababu amehama! Hii ndiyo inanileta hapa leo, na nataka tuielewe vizuri maana ukweli ni kwamba huyo landilodi mara nyingine sheria iko upande wake, na ni afadhali mlisikie hilo kutoka kwangu leo kuliko kulisikia siku umeshahama.

Sikilizeni. Notisi haimalizi upangaji siku ile unayopewa, inataja siku ambayo upangaji utaisha. Kuanzia siku unapewa mpaka ile siku iliyoandikwa, wewe bado ni mpangaji kamili, nyumba ni yako, hakuna mtu wa kuingia bila ruhusa yako, na kwa upande mwingine kodi nayo bado inatembea. Kwa hivyo ukitoka katikati, na hamjakubaliana kitu, kodi haijui kama umetoka, inaendelea kuhesabu mpaka mwisho wa notisi. Yeye alikwambia ondoka kufikia tarehe fulani, hakukwambia ukitoka kabla sitakudai. Hayo ni mambo mawili tofauti na katikati yake ndipo depoziti zetu zinapotelea.

Na tena usiseme eti mimi sina mkataba wa kuandikwa kwa hivyo sheria hainihusu, hapana. Hapa Kenya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua upangaji wa mdomo, ule wa nimekuja nimeona nyumba nimelipa nimeingia. Kifungu cha 57 kinasema kama muda haukutajwa na hamkupanga mambo ya notisi, basi upangaji wako unafuata vile unavyolipa kodi. Unalipa kwa mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Na wa aina hiyo, yeyote kati yenu akitaka kuumaliza anatoa notisi isiyopungua kipindi hicho, yaani mwezi mzima, na tena iishie siku ya kulipa kodi. Hapo kwa siku ya kulipa kodi ndipo wengi wanapigwa. Mfano kodi yako ni tarehe 1, landilodi anakuletea notisi tarehe 10 mwezi wa 5 akisema mwezi mmoja uwe umetoka. Yeye anahesabu tarehe 10 mwezi wa 6. Lakini kama hakuna mkataba unaosema vingine, hiyo notisi inatakiwa ipite mwezi mzima na iangukie siku ya kodi, kwa hivyo hesabu inakupeleka mpaka tarehe 1 mwezi wa 7. Hizo ni karibu wiki tatu zaidi ambazo watu wetu wanazitupa kila siku, wanahama mbio mbio na watoto bado wako shule, muhula wa pili haujafungwa, mtoto anaanza kuamka saa kumi alfajiri apande matatu mbili kufika shule aliyokuwa anatembea kwa miguu, na kumbe muda ulikuwepo.

Kuna wale wa mkataba wa muda, mwaka mmoja, miaka miwili. Hao nao wanaogopa bure. Kama umesaini mwaka mmoja na umelipa kodi yako vizuri na mkataba hauna kipengele kinachomruhusu kuuvunja katikati, landilodi hawezi tu kuamka mwezi wa nne akakuletea karatasi. Hiyo karatasi ni ombi. Anaweza kukuomba, na wewe unaweza kukubali, lakini ukikubali si uulize na wewe utapata nini? Gari la kuhama nani analipa? Depoziti narudishiwa yote? Hapo ndipo mpangaji ana nguvu kuliko siku nyingine yoyote, na hapo ndipo wengi wetu tunasema sawa bosi na kuanza kufunga vitu.

Sasa niwaambie ya mama mmoja wa Pipeline, jina nitaliacha, ameniruhusu niseme. Anakaa bedsita, chumba kimoja cha kuishi na kulala, ghorofa ya tano, kodi 8,500 na depoziti aliweka 8,500. Tarehe 19 mwezi wa 6 keateka anapita akiingiza karatasi chini ya milango, karatasi ya daftari imekatwa nusu, imeandikwa kwa kalamu, tafadhali uhame kufikia mwisho wa mwezi wa 7 tunafanya ripea. Hiyo notisi ilikuwa na muda wa kutosha. Mama akatafuta, akapata nyumba Tassia, na kwa sababu nyumba nzuri haingoji mtu akalipa kule na tarehe 6 mwezi wa 7 akahama. Alimpigia landilodi, landilodi akasema sawa mama hama tu hakuna shida. Kwa mdomo. Kodi ya mwezi wa 7 hakulipa maana alijua anatoka. Alipoitisha depoziti akajibiwa ndio hayo niliyowaambia, mwezi wa 7 hukulipa, tumekata. Na pale hesabu ya kawaida inamkataa, kodi ilikuwa ya tarehe 1, alikuwa bado ndani, notisi ilikuwa haijaisha.

Lakini tulipokaa naye tukaanza kupekua simu, ya kwake haina kitu, ya binti yake ikatoa meseji moja kutoka kwa keateka. Mwambie mama mafundi wanaingia tarehe 10 atoe vitu mapema. Hiyo tu. Hiyo meseji ilionyesha nyumba ilitakiwa mapema na wao wenyewe, na kweli tarehe 10 mafundi walikuwa wameshaanza kung'oa vigae. Sasa utamdaije mtu kodi ya mwezi mzima wa nyumba ambayo umeichukua na unaivunja sakafu? Ukishachukua nyumba yako ukaingiza mafundi, au ukaweka mpangaji mwingine, umekubali kwamba huyu ameondoka. Tulienda na hiyo meseji, wakazungushana, mwishowe akarudishiwa nusu. Nusu! Angekuwa na mstari mmoja tu wa maandishi kutoka kwa landilodi mwenyewe kabla hajatoa funguo, angerudi na karibu yote.

Kwa hivyo nikitoka hapa na nyinyi mmeshika kitu kimoja, shikeni hiki, kabla hujahama mapema pata maandishi, na maandishi sio lazima yawe ya wakili wala muhuri. Meseji inatosha, WhatsApp inatosha, mradi imetoka kwa landilodi au ajenti wake na inataja mambo matatu, unatoka siku gani, kodi inaishia siku gani, na depoziti inarudi lini. Huyo mama angeandika hivi: Habari yako bosi, ulinipa notisi tarehe 19 mwezi wa 6 nihame kufikia 31 mwezi wa 7. Nimepata nyumba, naomba nitoke tarehe 6. Naomba unithibitishie kwamba nikitoka siku hiyo sitadaiwa kodi ya baada ya hapo, na depoziti yangu 8,500 utanitumia kwa M-Pesa kufikia tarehe 15. Basi, unatuma, unangoja. Akijibu sawa, hiyo sawa ni mali, piga skrinishoti umtumie mtu mwingine aiweke, simu zinaibiwa. Akikupigia badala ya kuandika, ongea naye vizuri kwa heshima, halafu ukikata simu umwandikie, bosi kama tulivyoongea sasa hivi umekubali hivi na hivi. Usimwone kama adui, wengine ni watu wazuri tu wanasahau, au wao wako sawa lakini ajenti ndiye anayekula katikati.

Na akikataa je? Akikataa bado hujafa. Wewe pia una haki ya kutoa notisi yako. Kama yeye amekupa miezi mitatu na wewe ni wa mwezi kwa mwezi na hamna mkataba unaosema vingine, unamwandikia notisi yako ya mwezi mmoja inayoishia siku ya kodi, na unatoka kihalali kabla ya miezi yake mitatu, hana la kukudai zaidi ya hapo. Watu wengi hawajui hili, wanadhani notisi ya landilodi ikishaingia wao wamefungwa midomo. Lakini kama amekupa mwezi mmoja tu hiyo haikusaidii, hapo unapiga hesabu, je naweza kukaa mpaka mwisho? Kama umeshalipia mwezi, kaa na funguo zako. Hata kama umeshahamisha kitanda, nyumba ni yako mpaka siku ya mwisho, usitoe funguo bure ndio apangishe mtu mwingine na pesa yako iko ndani.

Kuna swali naulizwa kila mahali, si nikatae tu kulipa mwezi wa mwisho nimwambie ale depoziti? Ukifanya hivyo bila kukubaliana unajiweka pabaya, umeshakuwa mtu wa deni na anaweza kukusumbua na deni. Lakini nitasema msimamo wangu wazi, mkiwa mmepewa notisi na landilodi mwenyewe, ombeni hilo, na liandikwe. Depoziti ilipe mwezi wa mwisho, tuachane hapo. Kwa nyumba inayobomolewa ndio kabisa. Nimeona mtu amekatwa 3,000 ya rangi kwa nyumba ambayo wiki iliyofuata iliangushwa na tingatinga. Rangi ya kupaka nini? Rangi ya vumbi? Hiyo ni dhuluma na hata mtu akinipa sababu kumi sitaielewa.

Siku ya kutoka yenyewe msiende haraka. Nyumba ikiwa tupu chukua simu upige video, anza mlangoni, kuta zote, choo, sinki, swichi, madirisha, fungua bomba lionekane linafanya kazi. Piga picha mita ya maji na mita ya stima zile namba zisomeke, maana bili ya maji ya aliyekuja baada yako itatafuta njia ya kuwa yako. Tokeni za stima zilizobaki haziwezi kuhama na wewe, kwa hivyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Keateka akipokea funguo umwombe aandike amepokea funguo mbili za nyumba namba fulani, tarehe, saa, jina, hata kwenye karatasi ya unga. Wengine mtaona kama ni kumshuku mtu, lakini keateka naye anafukuzwa, anahama, na siku ya siku hayupo wa kusema nilipokea mimi.

Sasa niguse hili la vitisho kwa sababu wengi hawahami mapema kwa hiari, wanahamishwa na hofu. Mtu anapewa notisi ya mwezi, wiki ya pili maji yamefungwa, wiki ya tatu kufuli limewekwa juu ya kufuli lake, au mlango unang'olewa kabisa na mabati yanatolewa juu ya vichwa vya watoto. Haya yanafanyika na tumeyazoea mpaka tunaona ni kawaida. Sio kawaida. Notisi haimpi mtu ruhusa ya kukutoa kwa nguvu, hata muda ukiisha na wewe bado uko ndani anatakiwa aende kutafuta amri. Kwa zile nyumba zinazolindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, sura ya 296 ya sheria za Kenya, ile inayohusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna tribunali yake kabisa, yaani baraza la kuamua kesi za aina hiyo, ya kushughulikia hayo, na huko hakuna kumtoa mtu bila amri. Najua hiyo 2,500 ni ya zamani sana na imewaacha nje wengi wenu hapa, nyumba gani ya 2,500 utapata leo zaidi ya chumba kimoja cha mabati. Kulikuwa na mswada wa landilodi na mpangaji wa mwaka 2021 bungeni wa kuleta mambo haya pamoja, mbunge wenu akija kuomba kura muulizeni msimamo wake juu ya wapangaji ni upi, muulizeni mbele ya watu. Wa juu ya 2,500 kinga yenu ni mkataba, Sheria ya Ardhi na mahakama. Kwa hivyo ukifungiwa maji au ukiwekewa kufuli, piga picha, andika tarehe, ripoti kituo cha polisi upewe namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio, na usisaini karatasi yoyote siku hiyo. Ukihama kwa sababu ya kufungiwa maji halafu huna rekodi, itaonekana ulihama mwenyewe mapema, na tunarudi palepale.

Wenye maduka, vibanda vya chakula, kinyozi, saluni, nyinyi naomba mnisikilize tofauti kidogo. Mambo yenu yana sheria yake, sura ya 301, na wengi wenu inawalinda bila hata kujua, hasa kama hamna mkataba wa kuandikwa au mkataba wenu ni wa miaka mitano kushuka chini. Nyinyi landilodi hawezi kuwapa karatasi ya daftari. Lazima notisi iwe kwenye fomu iliyowekwa, isiwe chini ya miezi miwili, na iseme sababu. Ukiipata, una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali, na kama hukubali unaenda tribunali ya biashara kabla ile tarehe haijafika, na ukishafika kule notisi inasimama mpaka waamue. Sasa wewe mwenye duka ukihama mapema kwa hasira au kwa aibu ya majirani umeiacha haki yote hiyo mlangoni, pamoja na wateja uliowajenga miaka na miaka. Nimeona kinyozi amehama baada ya wiki moja, amepoteza wateja wake wote, na ile notisi yenyewe ilikuwa haifai hata kufungia nyama.

Na depoziti ikikataliwa kabisa mfanye nini? Kwanza barua ya kudai, tarehe, kiasi, siku saba au kumi na nne za kulipa. Wengi wanalipa hapo, mtu akiona umeandika anajua huendi kulala. Asipolipa, kuna ile Mahakama ya Madai Madogo, ilianzishwa na sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai ya pesa mpaka shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Depoziti yako ni pesa yako mtu amekushikia, ndio mambo yenyewe hayo. Lakini mkifika pale hakimu hatawauliza mlivyoumia, atauliza karatasi iko wapi, meseji iko wapi, picha iko wapi, risiti za M-Pesa za kodi ziko wapi. Anzeni kuziweka leo kabla hata hujapewa notisi.

Neno moja kwa malandilodi, najua mko wawili watatu hapa na nawashukuru kwa kuja, imeonyesha moyo. Mkitaka watu watoke mapema ili ujenzi uanze, semeni hivyo kwa maandishi, ukitoka kufikia tarehe hii sikudai kodi ya siku zilizobaki na depoziti yako unaibeba siku hiyo hiyo. Mtaona watu wanavyohama kwa amani, bila polisi, bila kelele, na mkandarasi wenu anaingia kwa wakati. Mtu anang'ang'ania nyumba kwa sababu pesa ya kuweka depoziti kule anakoenda ndiyo ile ile mliyoishikilia nyinyi. Ataitoa wapi nyingine?

Mimi nimemaliza, mwenyekiti ananiangalia. Waliokuja na notisi zao, naona kuna karatasi mikononi, msiondoke. Tutakaa pale chini ya mti na wale vijana wawili wa msaada wa sheria, tutasoma moja moja, tutahesabu tarehe, na wanaotaka kutoka mapema tutaandika ile meseji hapa hapa na tutaituma kabla hamjaenda nyumbani. Wa Pipeline anzeni nyinyi maana zenu zinaisha mwisho wa mwezi huu.